Karatasi za Siri za Chama cha Ushirika Zikitakiwa Kortini

Kila chama cha ushirika katika skimu za makao kina kabati la karatasi. Humo mna daftari la wanachama, vitabu vya maziwa au pareto, mapatano na wanunuzi, kumbukumbu za kamati na barua za wakili. Siku za kawaida hakuna anayejali sana habari za kabati hilo isipokuwa katibu na karani. Lakini siku chama kinaposhtakiwa, au chenyewe kinapomshtaki mtu, kabati hilo huwa jambo la kwanza kuulizwa. Wakili wa upande wa pili huandika barua akitaka aonyeshwe hiki na kile, na wanakamati hujiuliza: Je, ni lazima tumwonyeshe kila kitu?

Jibu ni hapana, si kila kitu. Lakini karatasi ambazo sheria inazilinda ni chache kuliko wanakamati wengi wanavyofikiri. Tena hazilindwi kwa kufungiwa kabatini wala kwa kupigwa muhuri wa SIRI. Hulindwa kwa sababu ya nani aliziandika, alimwandikia nani, na kwa kusudi gani. Chama kisichojua jambo hili huweza kuumia kwa njia mbili: huficha karatasi iliyopaswa kutolewa, na hutoa karatasi ambayo kilikuwa na haki ya kuizuia. Na hasara yake haimwangukii mwenyekiti peke yake. Hukatwa katika malipo ya maziwa ya kila mwanachama.

KWA NINI KORTI HUTAKA KARATASI

Hakimu hakuwapo siku mapatano yalipofanywa. Hawezi kujua ukweli ila kwa kusikia mashahidi na kusoma maandishi ya wakati ule. Kwa hivyo Kanuni za Mashauri ya Madai za mwaka wa 2010 zilimtaka kila mdai alete, pamoja na madai yake, nakala za karatasi atakazozitegemea; na anayedaiwa kadhalika. Zaidi ya hayo, korti ina uwezo wa kuamuru upande mmoja uuonyeshe upande wa pili karatasi nyingine zinazohusu kesi, hata kama karatasi hizo zinauumiza wenyewe.

Ugomvi kati ya mwanachama na chama chake kwa kawaida haukwenda katika korti ya hakimu, bali katika baraza maalum la kuamua magomvi ya ushirika, lililowekwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka wa 1997. Ugomvi na mtu wa nje, kama mwenye lori au muuza chakula cha ng'ombe, huenda kortini. Popote uendapo, shauri letu ni moja: karatasi zitatakiwa.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme chama kimoja cha maziwa kilipatana na mwenye lori achukue maziwa kila asubuhi kutoka kituoni mpaka kiwandani. Wakati wa mvua ya masika lori likakosa kufika siku tatu, maziwa yakaharibika, na chama kikakataa kumlipa mwenye lori fedha za mwezi ule. Mwenye lori akaenda kortini. Kabatini mwa chama mna karatasi saba:

1. Mapatano yaliyotiwa sahihi na pande zote mbili.

2. Kitabu cha kituo, kinachoonyesha lita zilizopokewa kila siku.

3. Ripoti ya karani wa kituo, aliyoiandika siku ya nne, akisema lori lilikwama kwa sababu daraja la njia ya chama halikutengenezwa.

4. Kumbukumbu za kamati, ambamo mwanakamati mmoja alisema, "Daraja lile tuliambiwa tangu Januari."

5. Barua ya katibu kwa wakili wa chama, akieleza mambo yote yalivyotokea na kuuliza kama chama kitashinda.

6. Jibu la wakili.

7. Barua ya chama kwa mwenye lori, ikisema kwamba ili kumaliza ugomvi chama kiko tayari kulipa nusu, na kwamba maneno hayo yasitumiwe kortini.

Sasa tuziangalie moja moja.

Karatasi ya kwanza na ya pili ni za kutolewa. Ni karatasi za kazi ya kila siku, na hazina siri. Ya tatu na ya nne zinakiumiza chama, na hapa ndipo kamati nyingi hutaka kuzificha. Haiwezekani. Karani aliandika ripoti yake kwa sababu ndiyo kazi yake kuandika maziwa yakiharibika. Kamati ilizungumza juu ya daraja kwa sababu ndiyo kazi yake. Kuwa na aibu si sababu ya kisheria ya kuzuia karatasi.

Karatasi ya tano na ya sita zinalindwa. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, iliyoanza kutumika mwezi wa Desemba 1963, inakataza wakili kutoa habari alizopewa na mteja wake kwa kazi ya uwakili, au shauri alilompa, isipokuwa mteja mwenyewe akubali waziwazi. Wajibu huo haumaliziki kesi inapokwisha, na unawafunga pia makarani na wakalimani wa wakili. Sheria hiyohiyo inasema mteja naye hawezi kulazimishwa kutoa mazungumzo ya siri kati yake na wakili wake. Lakini akisimama mwenyewe kutoa ushahidi, korti yaweza kumtaka aeleze yale tu yanayohitajika ili ushahidi wake ueleweke.

Karatasi ya saba nayo inalindwa, kwa sababu nyingine. Katika kesi za madai, mtu akikubali jambo kwa masharti kwamba lisitolewe ushahidi, sheria hailiruhusu lithibitishwe juu yake. Kusudi lake ni jema: watu waweze kupatana bila kuogopa kwamba maneno ya mapatano yatageuzwa fimbo ya kuwapigia. Ndiyo maana yafaa barua ya namna hiyo iandikwe wazi juu yake kwamba ni ya kutafuta mapatano na haitatumiwa kortini, na isitiwe mambo mengine ya biashara.

MUHURI HAUTOSHI

Wako wasemao, "Basi ripoti ya karani tutaiandika juu yake: Kwa Wakili wa Chama. Itakuwa siri." Jambo hili lilikwisha kujaribiwa na shirika kubwa kuliko chama chochote cha maziwa.

Katika nchi ya Uingereza mtu mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa reli aliuawa treni zilipogongana. Mjane wake akalishtaki shirika la reli, British Railways Board, akataka aonyeshwe ripoti ambayo maafisa wa reli waliiandika upesi baada ya ajali. Shirika likakataa. Juu ya ripoti ile palikuwa pameandikwa kwamba ni ya kumjulisha wakili wa shirika. Kesi ikafika mpaka baraza kuu la mwisho la sheria la nchi ile, na mwaka wa 1979 majaji wakaamua kwamba ripoti itolewe. Walisema ripoti ile ilikuwa na makusudi mawili: kumsaidia wakili, na kujua sababu ya ajali ili njia ya reli iwe salama. Ili ilindwe, kesi ilipasa kuwa ndilo kusudi lake kubwa kupita mengine. Makusudi yakiwa sawasawa, kinga hakuna, hata kichwa cha karatasi kiseme nini.

Hukumu hiyo haizifungi korti za Kenya, lakini hukumu za namna hiyo huweza kutazamwa na majaji wetu kama mwongozo, na fundisho lake ni rahisi kulishika. Ripoti ya karani ya kila siku haigeuki siri kwa kupitishwa kwa wakili. Kitabu cha maziwa kikipelekwa ofisini mwa wakili kinabaki kitabu cha maziwa. Lakini kama ugomvi umekwisha kuanza, na wakili mwenyewe akataka mtu afanye uchunguzi ili amsaidie katika kesi, ripoti ya uchunguzi huo ina nafasi nzuri zaidi ya kulindwa. Kwa hivyo chama kikiona kesi inakuja, kimwendee wakili kwanza kabla ya kuanza kuandika ripoti ndefu za kulaumiana.

KUFICHA NI HATARI KULIKO KUONYESHA

Mfano mwingine unatuhusu sisi Wakenya wenyewe. Mwaka wa 2009 wazee waliokuwa wamefungwa vizuizini wakati wa Hali ya Hatari waliishtaki Serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London kwa mateso waliyoyapata. Kesi ikiendelea, mwaka wa 2011, Serikali ile ilikubali kwamba ilikuwa na mafaili karibu 1,500, katika masanduku karibu 300, yaliyoondolewa Kenya wakati wa Uhuru wa 1963 na kuwekwa mahali paitwapo Hanslope Park. Mafaili yale yakaletwa katika kesi. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba italipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wadai 5,228.

Karatasi zile zilifichwa karibu miaka hamsini na serikali yenye nguvu, wala hazikuwa siri ya haki kwa sababu ya kufichwa. Chama cha ushirika chenye kabati moja na ufunguo mmoja kisijidanganye.

Tena kuharibu karatasi ni kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inamtia hatiani mtu anayejua kwamba kitabu au hati yahitajika, au yaweza kuhitajika, kuwa ushahidi, naye kwa makusudi akaiondoa, akaiharibu au akaifanya isisomeke, ili isitumiwe katika ushahidi. Karani aliyeambiwa na mwenyekiti achome kitabu hatasalimika kwa kusema aliambiwa. Hata kama hakuna aliyeshtakiwa, hakimu akiona kurasa zimechanwa, huenda akaamini kwamba kurasa zile zilisema mabaya kuliko zilivyosema kweli.

Njia ya haki ni hii: usifiche kwamba karatasi ipo. Sema ipo, taja tarehe yake na aina yake, kisha eleza kwa nini huitoi. Kwa mfano: "Barua ya katibu kwa wakili, ya kuomba shauri la sheria. Inazuiwa kwa sababu ni mazungumzo ya mteja na wakili." Upande wa pili ukipinga, hakimu ataamua, na akiona inafaa aweza kuisoma karatasi mwenyewe kwanza.

JINSI KINGA INAVYOPOTEA

Kinga ya barua za wakili ni mali ya chama, si ya mwenyekiti wala ya katibu. Lakini watu hao wanaweza kuipoteza kwa uzembe. Mambo manne huleta hasara hiyo.

La kwanza ni kuisoma barua ya wakili hadharani. Mwenyekiti akiisoma yote mbele ya mkutano mkuu, na watu wa nje wamesimama mlangoni, itakuwa vigumu kesho kumwambia hakimu kwamba ni siri. Inatosha kuwaambia wanachama kesi imefika wapi, gharama zake zimefika shilingi ngapi, na kamati inakusudia kufanya nini.

La pili ni simu. Mwanakamati akiipiga picha barua na kuituma katika kikundi cha WhatsApp cha skimu, barua ile imekwisha kusambaa. Hakuna ajuaye itafika kwa nani kabla ya jua kuchwa.

La tatu ni kuchanganya maneno. Katibu huandika katika ukurasa mmoja bei ya chakula cha ng'ombe, ugonjwa wa ndigana, na shauri la wakili. Kumbukumbu zikitakiwa, inabidi kufunika mistari na kubishana juu ya kila mstari. Yafaa shauri la wakili liandikwe katika karatasi yake, na katika kitabu cha kumbukumbu pasemwe tu kwamba kamati ilipokea shauri la wakili juu ya kesi fulani.

La nne ni nia mbaya. Kama kamati ilimwandikia wakili ili apate kuisaidia kuficha wizi au kutenda jambo lisilo halali, sheria haiyalindi mazungumzo hayo hata kidogo. Kinga imewekwa kwa mtu atafutaye shauri la haki, si kwa mwizi atafutaye pazia.

KARATASI AMBAZO SI SIRI KWA MWANACHAMA

Hapa twataka kusema na kamati waziwazi. Neno "kesi" lisitumiwe kuwafungia wanachama mlango. Sheria ya 1997 ilimpa mwanachama haki ya kupata habari za halali za chama chake, zikiwamo kanuni za ndani, madaftari, kumbukumbu za mikutano mikuu, hesabu za mwaka na ripoti za uchunguzi, katika ofisi kuu ya chama. Na Kamishna wa Ushirika alipoamuru chama kichunguzwe, maafisa na wanachama walipaswa kuleta fedha, vitabu na hati alizozitaka mchunguzi.

Mkulima aliyeleta maziwa mwaka mzima hana haja ya kuiba karatasi ili ajue fedha zake zilikwenda wapi. Chama kinachowaonyesha wanachama hesabu zake kwa wakati wake huwa na kesi chache.

Zipo karatasi nyingine ambazo hazina kinga ya wakili lakini zastahili uangalifu. Bei mliyopatana na mnunuzi ni siri ya biashara. Namba za vitambulisho na akaunti za benki za wanachama ni mambo yao wenyewe, nayo Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka wa 2019 inataka yatunzwe. Zikitakiwa kortini, wakili wenu aweza kuomba majina yasiyohusika yafunikwe, au karatasi zionwe na watu wachache tu na zisitumiwe nje ya kesi. Korti yaweza kukubali au kukataa, lakini haiwezi kutoa kisichoombwa.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Swali: Tuna mtu mjini anayetuandikia barua za kesi kwa bei ndogo. Yeye si wakili. Je, barua zetu kwake zinalindwa?

Jibu: Sheria ya Ushahidi inamtaja wakili. Msiitegemee kinga hiyo kwa mwandishi wa barua, rafiki mjuzi au mhasibu. Ulizeni kwanza kama mtu huyo ana cheti cha uwakili cha mwaka huu.

Swali: Je, barua zetu kwa afisa wa ushirika au bwana shamba?

Jibu: Hao ni washauri wazuri wa kazi zao, lakini si mawakili wenu. Mwandikieni kila mnachohitaji juu ya ng'ombe, mazao na hesabu. Msimwandikie mambo ya kushinda au kushindwa kesi, mkitumaini kwamba barua hiyo haitaonwa.

Swali: Ujumbe wa simu je? Huo si karatasi.

Jibu: Korti hupokea ushahidi wa simu na kompyuta pia, mradi uthibitishwe kama sheria inavyotaka. Yale msiyopenda kuyaona mikononi mwa hakimu, msiyaandike kwa simu. Na kesi ikianza, msiyafute yaliyokwisha kuandikwa.

Swali: Karani wetu alitoa barua ya wakili kwa makosa, ikachanganyika na risiti. Tufanye nini?

Jibu: Mwambieni wakili wenu siku ileile. Anaweza kuitaka irudishwe na kuomba korti izuie isitumiwe. Mkikaa kimya mwezi mzima, itaonekana kwamba mliridhika.

YA KUFANYA SASA, KABLA YA UGOMVI

1. Wekeni mafaili mbalimbali: moja la kazi za kila siku, moja la kumbukumbu za kamati, moja la biashara na wanunuzi, na moja la barua za wakili. Hilo la mwisho lifungwe mahali pake, na kamati iandike ni nani wenye ruhusa ya kulifungua.

2. Barua ya kumwomba wakili shauri iandikwe na katibu au meneja kwa amri ya kamati, iseme wazi kwamba ni ya kuomba shauri la sheria, na ipelekwe kwa wakili peke yake.

3. Karani wa kituo aandike yaliyotokea tu: saa, siku, lita, na aliyoyaona kwa macho. Asiandike ni nani wa kulaumiwa.

4. Siku ugomvi unapoonekana, mwenyekiti atoe amri kwa maandishi kwamba kitabu chochote kisitupwe, kisichomwe wala kisiandikwe upya.

5. Wakili apewe karatasi zote, nzuri na mbaya. Yeye hawezi kuilinda karatasi asiyoijua, na karatasi mbaya inayotokea kwa mara ya kwanza mkononi mwa adui ndiyo inayoangusha kesi.

6. Kabla ya karatasi yoyote kutolewa, mtu mmoja aliyechaguliwa azipitie zote pamoja na wakili na kuandika orodha mbili: zinazotolewa, na zinazozuiwa pamoja na sababu yake.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Mafaili manne, kalamu, na mchana mmoja wa katibu na karani vyatosha kuianza. Kamati yenu ikikutana mwezi ujao, jambo hili liwekwe katika ajenda, na mwanachama asomaye gazeti hili na aulize katika mkutano mkuu kama limefanywa.